Kazi za kujitolea mtaani Mathare

Kazi za kujitolea mtaani Mathare ni shughuli ambazo wakazi wa Mathare, mtaa wa mabanda ulioko kaskazini-mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi nchini Kenya, huzifanya kwa manufaa ya majirani zao bila kulipwa mshahara. Miongoni mwake ni kusafisha mitaro, kuendesha ligi za mpira wa miguu za watoto, kuweka akiba katika vikundi, kuhesabu nyumba na watu, kutembelea wagonjwa, kupanda miti na kuokoa watu wakati wa moto au mafuriko.

Mathare inajulikana hasa kwa chama cha Mathare Youth Sports Association, kwa kifupi MYSA, kilichoanza mwaka 1987 na kuunganisha michezo ya vijana na usafi wa mtaa. Hata hivyo MYSA ni sehemu moja tu ya desturi ndefu zaidi. Katika bonde hili huduma za umma zilichelewa sana kufika, na mambo mengi ambayo mitaa mingine hufanyiwa na halmashauri ya jiji, hapa yalifanywa na wakazi wenyewe.

Mahali na watu

Mathare imeenea kwenye kingo za Mto Mathare, mojawapo ya vijito vya Mto Nairobi, karibu na Pangani, Eastleigh na Barabara ya Juja. Kijito kingine, Gitathuru, hupita upande wa Huruma. Mtaa umegawanyika katika sehemu ambazo wenyeji huziita vijiji, kama vile Bondeni, Mashimoni, Mabatini, Kosovo, Kiamutisya, Mathare 4A na Kijiji Namba 10. Kila kijiji kina wazee wake na historia yake.

Tangu uchaguzi wa 2013 Mathare ni eneo bunge lenye wadi sita: Hospital, Mabatini, Huruma, Ngei, Mlango Kubwa na Kiamaiko. Katika sensa ya 2019 kaunti ndogo ya Mathare ilikuwa na watu 206,564, wote wakiishi katika eneo la takriban kilomita za mraba 3. Hii ni kati ya sehemu zenye msongamano mkubwa zaidi wa watu nchini Kenya. Nyumba nyingi ni za chumba kimoja cha mabati, na nyingine ni magorofa ya kupangisha yaliyobanana.

Msongamano huo unaeleza kwa nini kazi za kujitolea zina uzito hapa. Mtaro ukiziba mbele ya nyumba moja, maji machafu huingia katika nyumba kumi. Moto ukianza kwenye kibanda kimoja, gari la zimamoto haliwezi kupita vichochoroni, na ni majirani wenye ndoo na mchanga wanaofika kwanza.

Asili

Sehemu ya bonde ilikuwa machimbo ya mawe wakati wa ukoloni, na watu waliofika mjini kutafuta kazi walianza kuishi humo. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 kutokana na vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni iliona bonde hilo kuwa maficho ya wapiganaji. Katika msako mkubwa wa mwaka 1954 uliojulikana kama Operesheni Anvil, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wa Nairobi walikamatwa, na makazi ya Mathare yalibomolewa.

Baada ya uhuru mwaka 1963 watu walirudi kwa wingi. Kwa kuwa makazi hayakutambuliwa kisheria, hayakupelekewa maji, shule wala barabara. Katika miaka ya 1960 wakazi waliunda kamati za vijiji zilizosuluhisha ugomvi, kukusanya michango na kuanzisha shule za chekechea. Kamati hizo pia zilijaribu kuwazuia wenye mamlaka wasibomoe nyumba.

Mwenendo huo ulilingana na wito wa harambee ambao Rais Jomo Kenyatta aliueneza nchini tangu 1963. Neno hili linatokana na mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, na limeandikwa kwenye nembo ya taifa la Kenya. Kwa njia ya harambee wananchi walijenga shule na zahanati nyingi. Nchini Tanzania desturi inayofanana nayo huitwa msaragambo. Baadaye mikutano ya harambee ilitumiwa na baadhi ya wanasiasa kujitafutia umaarufu, na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliweka mipaka kwa maafisa wa serikali katika kuomba michango hiyo. Mathare, harambee ndogo za majirani kwa ajili ya mazishi, matibabu na karo zimeendelea.

Mpira na usafi

Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyefanya kazi Nairobi kama mshauri wa maendeleo na mazingira, aliwaona watoto wa Mathare wakicheza mpira uliotengenezwa kwa juala na kamba. Alikubaliana nao sharti moja: yeye angewasaidia kupata mipira na ligi, nao wangesafisha mtaa wao. Timu zilijitokeza nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na mpango huo mdogo ukawa chama.

Kanuni ya MYSA ni kwamba hakuna msaada wa bure: anayetoa kitu ndiye anayepokea kitu. Kanuni hiyo iliingizwa katika msimamo wa ligi. Timu iliyoshinda mechi ilipata pointi 3, lakini timu iliyomaliza kazi ya usafi ilipata pointi 6. Kwa hiyo timu hodari uwanjani lakini mvivu wa kushika sepetu haikuweza kuchukua ubingwa. Mwishoni mwa wiki vikundi vya wavulana na wasichana walionekana na reki, beleshi na mikokoteni wakizoa taka na kuzibua mitaro.

Nidhamu nayo ilipewa kanuni zake. Ni nahodha pekee anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi wakati wa mechi. Pamoja na kadi ya njano na nyekundu, kulianzishwa kadi ya kijani kwa mchezaji aliyeonyesha uungwana. Waamuzi na makocha wengi ni vijana waliokulia katika ligi hiyo hiyo, nao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Maamuzi hupitia kamati za kanda zinazochaguliwa na vijana wenyewe.

Timu za wasichana zilianza mwaka 1992. Mwanzoni wazazi wengi walisita. Wasichana ndio waliobeba kazi za nyumbani na kulea wadogo zao, na mpira ulihesabiwa kuwa mchezo wa wanaume. Makocha walilazimika kwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na akina mama. Baadaye timu za wasichana wa Mathare zilisafiri hadi Norwe kushiriki Norway Cup, mashindano ya vijana yanayofanyika Oslo, ambayo MYSA ilianza kuyahudhuria mwaka 1990.

Kuanzia miaka ya 1990 chama kiliongeza shughuli nyingine:

- Elimu ya UKIMWI, iliyotolewa na vijana kwa vijana wenzao katika lugha wanayoielewa, wakati watu wengi bado waliona haya kuuzungumzia ugonjwa huo.
- Msaada kwa watoto waliokamatwa mitaani na kuwekwa mahabusu, kwa kuwapelekea chakula na kuwatafutia jamaa zao.
- Tuzo za uongozi, ambapo kijana hukusanya pointi kwa saa alizojitolea, na wanaoongoza hulipiwa karo moja kwa moja shuleni.
- Maktaba na vyumba vya kusomea, kwa kuwa watoto wengi hawana nafasi wala mwanga wa kusomea nyumbani.
- Ngoma, maigizo na upigaji picha. Mwaka 1997 kikundi cha vijana kilifundishwa kutumia kamera rahisi ili kuonyesha maisha yao, na picha zao zilichapishwa katika kitabu kilichoitwa Shootback mwaka 1999.

Mwaka 1992 MYSA ilipewa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Baadaye ilipendekezwa kwa ajili ya Tuzo ya Nobel ya Amani. Katika miaka ya 2000 ligi zake zilikuwa na wachezaji zaidi ya 20,000, jambo lililoifanya iwe kati ya vyama vikubwa vya michezo ya vijana barani Afrika.

Mathare United

Mwaka 1994 iliundwa klabu ya Mathare United kwa ajili ya wachezaji waliokuwa wamekua. Mwaka 1998 ilitwaa Kombe la Moi ikiwa bado katika daraja la chini, na ikalitwaa tena mwaka 2000. Mwaka 2008 ilikuwa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya chini ya kocha Francis Kimanzi, ambaye mwenyewe alikulia katika MYSA. Mshambuliaji Dennis Oliech, aliyechezea timu ya taifa na vilabu vya Ufaransa, alipitia pia klabu hiyo.

Wachezaji wa Mathare United walitakiwa kutumia sehemu ya kila mwezi kufundisha watoto na kushiriki kazi za mtaa. Kwa mtoto wa Mathare, mchezaji aliyemwona kwenye televisheni Jumapili aliweza kuwa yule yule aliyeshika sepetu kando yake Jumamosi.

Akiba, hesabu na nyumba

Tatizo la ardhi ndilo lililozaa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa mwaka 1996 wakati ubomoaji wa makazi ulipokuwa umeshamiri Nairobi. Wanachama hukutana katika vikundi vya akiba. Kila mmoja huweka kiasi anachoweza, hata kama ni shilingi chache, na mweka hazina huandika kwenye daftari mbele ya wote. Wengi wa wanachama na viongozi wa vikundi hivi ni wanawake.

Kazi nyingine ya Muungano ni kuhesabu. Wakazi waliofundishwa huenda mlango kwa mlango, huandika idadi ya watu, hupima vibanda na kuchora ramani. Kazi hii ina maana kubwa kisheria na kisiasa. Mtaa usioonekana kwenye ramani za serikali ni rahisi kubomolewa, na mpangaji ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote hana cha kuonyesha siku ya kugawa viwanja.

Mfano unaojulikana zaidi ni Kambi Moto huko Huruma. Baada ya hesabu na majadiliano marefu kati ya wapangaji na wenye vibanda, Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilikubali mwaka 2003 ardhi hiyo itumike kwa nyumba za wakazi waliokuwepo. Kila familia ilipewa kiwanja kidogo cha takriban mita za mraba 20, na nyumba zikajengwa kwenda juu. Ili kupunguza gharama wakazi walichimba misingi, walibeba mawe na kufyatua wenyewe vipande vya zege vya sakafu. Saa za kazi za kila familia zilihesabiwa kama mchango wake.

Si kila mradi ulikwenda hivyo. Mpango wa kuboresha makazi ya Mathare 4A, uliofadhiliwa na Ujerumani kupitia Kanisa Katoliki katika miaka ya 1990, ulijenga nyumba, njia na vyoo, lakini ulikutana na upinzani kuhusu umiliki na kodi. Watafiti wa miji huilinganisha mara nyingi miradi hii miwili wanapojadili nafasi ya wakazi katika kupanga mitaa yao.

Maji na afya

Kwa miaka mingi wakazi wengi wa Mathare walinunua maji kwa mtungi kutoka kwa wachuuzi, kwa bei iliyozidi ile ya mitaa ya matajiri yenye mabomba. Biashara hiyo ilishikwa na watu waliojiunganishia mabomba bila kibali. Katika kijiji cha Kosovo wakazi walijadiliana na kampuni ya maji ya jiji ili mabomba halali yapitishwe, nao wakashiriki kuchimba mitaro na kulinda mtandao. Vikundi vya vijana na wanawake huendesha pia vyoo na mabafu ya kulipia, na mapato hutumika kwa usafi na akiba ya kikundi.

Katika afya, Kenya ilizindua mkakati wa afya ya jamii mwaka 2006. Kwa mujibu wa mkakati huo, wakazi waliochaguliwa walipewa mafunzo mafupi ya kutembelea kaya, kufuatilia wajawazito, kuwakumbusha wagonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa na kuwaelekeza watu zahanati. Kwa muda mrefu walifanya hayo kwa kujitolea. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakiwa na vifaa na posho ya kila mwezi ya shilingi 5,000, nusu ikitoka serikali kuu na nusu kaunti.

Haki, usalama na mazingira

Mwaka 2013 serikali ilianzisha utaratibu wa Nyumba Kumi, wazo lililochukuliwa kutoka Tanzania, ili majirani wafahamiane na kushirikiana na polisi katika ulinzi. Mathare utaratibu huo umepokelewa kwa mashaka kiasi, kwa sababu uhusiano kati ya vijana na polisi umekuwa mbaya. Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare, kilichoanzishwa na vijana wa mtaa katika miaka ya 2010, kilikusanya habari za vijana waliouawa kwa risasi na kutoa ripoti yake mwaka 2017. Wanaojitolea hapo husikiliza familia, huandika ushahidi, huwasindikiza watu mahakamani na kuwakutanisha mama waliofiwa na watoto wao.

Kituo hicho na vikundi vinavyoshirikiana nacho huendesha pia kampeni za maji na upandaji miti. Sehemu zilizokuwa majalala zimegeuzwa bustani ndogo, na baadhi ya miti hupandwa kwa kumbukumbu ya marehemu. Kupiga marufuku mifuko ya plastiki nchini tarehe 28 Agosti 2017 kulipunguza takataka za aina hiyo mitaroni. Hata hivyo, mahali pasipo na gari la taka mto bado hutumika kama jalala.

Wakati wa maafa

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliikumba Mathare vikali, na watu wengi walihama vijiji kwa misingi ya kabila. Baada ya hapo vikundi vya vijana, makanisa na misikiti viliandaa mechi na mikutano ya kuwarudisha watu pamoja. Timu zenye wachezaji wa makabila mbalimbali, zilizokuwa jambo la kawaida katika ligi za mtaa, zilikuwa msaada katika kazi hiyo.

Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto huko Huruma liliporomoka usiku wa mvua kubwa, na takriban watu 50 walipoteza maisha. Majirani walianza kufukua kifusi kwa mikono kabla vikosi vya uokoaji havijafika.

Mwezi Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika na kusomba nyumba na watu. Wakazi walivuta majirani kutoka kwenye paa, wakafungua shule na makanisa kuwa makazi ya muda na kupika chakula cha pamoja. Mwezi uliofuata serikali iliamuru watu wahame ukanda wa mto, na tingatinga zikabomoa nyumba zilizobaki. Serikali iliahidi kila kaya iliyohamishwa shilingi 10,000. Wanaojitolea wakawa na kazi mpya: kuorodhesha waliopoteza makazi, ili asiachwe mtu aliyestahili wala asiingie asiyestahili.

Kujitolea na malipo

Suala linalojadiliwa zaidi Mathare ni mpaka kati ya kujitolea na kufanya kazi bila malipo. Kijana asiye na ajira hupoteza siku ya kibarua anaposhinda akizibua mtaro. Kwa sababu hiyo mashirika mengi hutoa posho ya chakula au nauli, na posho hizo nazo zimeleta malalamiko kuhusu nani anaitwa kwenye semina na nani anaachwa.

Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020 serikali ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani, uliowalipa vijana wa mitaa ya mabanda kwa siku kwa kusafisha mitaro na njia. Wapo walioona kwamba hatimaye kazi waliyokuwa wakiifanya bure ilitambuliwa. Wengine waliona kwamba baada ya mpango kumalizika ilikuwa vigumu kuwarudisha watu kwenye usafi wa bure.

Hoja ya pili inahusu wajibu wa serikali. Wakosoaji husema kwamba kusifu moyo wa kujitolea wa maskini kunaweza kuwa kisingizio cha kutowapelekea huduma ambazo wakazi wa mitaa mingine hupata kama haki. Wanaotetea kazi hizi hujibu kwamba wanaojitolea Mathare ndio hao hao wanaodai huduma: waliohesabu vibanda ndio waliokwenda kwenye ofisi za jiji na takwimu mkononi, na waliosafisha mto ndio waliouliza gari la taka liko wapi.

Hoja ya tatu ni uendelevu. Vikundi vingi hutegemea mfadhili mmoja au kiongozi mmoja, na hufifia anapoondoka. Vilivyodumu ni vile vyenye kanuni chache zinazoeleweka na kila mwanachama, hesabu zinazosomwa hadharani na njia ya vijana kupanda kutoka kuwa washiriki hadi kuwa viongozi.

Athari nje ya Mathare

Mfano wa kuunganisha mpira na usafi ulienea mitaa mingine ya Nairobi. Ulifika pia kambi ya wakimbizi ya Kakuma kaskazini-magharibi ya Kenya, ambako MYSA ilisaidia kuanzisha michezo ya vijana mwishoni mwa miaka ya 1990. Mashirika mengi yanayotumia michezo kwa maendeleo katika nchi mbalimbali yametumia kanuni ya kutoa pointi kwa kazi za jamii. Nyumba za Kambi Moto nazo hutembelewa na wakazi wa mitaa ya mabanda kutoka miji mingine, wanaokwenda kujifunza namna ya kuhesabu, kuweka akiba na kujadiliana na halmashauri zao.